Eti mafuta ni mafuta

Shoga, soma hii upesi.

Breki zimenikamata tena, leo getini pa shule. Nimeachia pedeli, gari halisogei, magurudumu yanafuka moshi.

Fundi niliyemwita akasema, "Mama, mafuta ya breki yamechanganyika na oili, mipira ya ndani ya breki imevimba. Tumwage yote, tusafishe mabomba, tuweke mipira mipya." Nikajua anataka kunitapeli. Nani achanganye, na gari linalala uani kwangu?

Akachovya kijiti kwenye kikopo cha breki, nikanusa. Oili ya injini, shoga. Oili kabisa.

Nikampigia mume wangu. Akasema, "Si uliniambia niongeze mafuta?"

Ya breki. Nilimwambia ya breki.

"Kwani mafuta si mafuta?" Mwanamume mzima.

Lakini alikuwa anakohoakohoa, na kikohozi chake cha kuficha jambo nakijua. Nikamuuliza, oili iliyobaki iko wapi?

"Nilimwekea mama yako jana, kwenye kikopo kama hicho cha gari lake."

Mama hapokei simu, na saa hizi ndipo anapotoka na gari kwenda sokoni. Wewe uko mlango wa pili kutoka kwake. Kamnyang'anye ufunguo, matusi yake nitayapokea mimi.