Visima Viwili vya Tongoni

Jumatatu, 6 Mei
Chai, mkate wa kumimina, kompyuta. R, programu ninayofanyia hesabu, inakokota tena. Nakadiria uchafu wa visima vya Tongoni baada ya mvua, na kila hesabu inakula asubuhi nzima. Kombo, Mpemba ninayekaa naye ofisini, kachoka kunisikia nikisonya. Kaniandikia klasi kwa C++, lugha nyingine ya kompyuta, kiolezo cha kisima kinachojihesabia chenyewe kwa kasi ya mashine. Mimi nakiita tu kutoka ndani ya R. Chai haijapoa, majibu haya hapa. Nimeduwaa.

Jumanne, 7 Mei
Nimeunda kisima cha msikitini. Cha sokoni nimenakili kutoka kile, kisha nikatia vipimo vyake. Vyote salama. Nimempigia shangazi Mwanahawa, Tongoni, kumwambia maji hayana haja ya kuchemshwa. Kafurahi. Kuni za kuchemshia maji zilimchosha. Kawaambia na majirani.

Jumamosi, 11 Mei
Shangazi anaharisha. Kalazwa, dripu mkononi. Majirani zake wawili nao wamelazwa. Wote wanateka msikitini.
Macho yamemwingia ndani. "Si ulisema maji mazuri, mwanangu?"
 

Jumapili, 12 Mei
Nyumbani, Nguvumali. Nimefungua kompyuta. Majibu ya visima viwili ni yale yale, mpaka tarakimu ya mwisho. Vipi sikuona?
Nikabadili kipimo kimoja cha sokoni. Cha msikitini kikabadilika nacho. Nikapiga ukelele, peke yangu chumbani.
Nikampigia Kombo. Nikamsomea nilivyonakili.
"Dada Zuhura, ile si nakala. Ukiandika vile, R haiundi kisima kipya. Inakupa jina la pili la kile kile."
Kumbe vipimo vya sokoni vilifuta vya msikitini. Nimeunda viwili, kila kimoja mbali. Sokoni, safi. Msikitini, mavi. Naandika hivyo hivyo.
Nimempigia imamu wakifunge. 

Jumatatu, 13 Mei
 Mashine haikutoa onyo hata moja. Hilo ndilo linalonitisha. Ilikwenda mbio, ikanipa uongo, na mimi nikashangilia.

Ijumaa, 17 Mei
Shangazi karudi nyumbani, mwepesi kama upepo. Majirani nao wametoka. Alhamdulillahi.
Watu walipotoka kusali nilisimama nje ya msikiti, nikasema kosa ni langu. Nikaeleza lilivyotokea. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Mzee mmoja kauliza tu, "Sasa tuteke wapi?" Nikamwambia sokoni, na wachemshe hata hivyo.
Kwa shangazi nimekoka moto mwenyewe, nikachemsha maji. Hakunizuia. Maji yalipopoa kamimina kikombe kimoja, kanipa mimi kwanza. Kakaa mkekani, kaningoja ninywe.
Nimekunywa yote.
Ndipo naye akajimiminia.