Bawaba Zilizoandikwa Uingereza

Jumanne. Manyunyu tangu asubuhi hapa Kingstanding, Birmingham, na mimi naogopa. Naandika waziwazi kwa sababu kazini leo nimetabasamu mpaka mashavu yananiuma.

Kazi yangu ni kuandaa hati za mizigo inayotoka kiwandani kwetu kwenda nje. Tunauza bawaba za milango. Zamani Wamarekani walikuwa wananunua sana, lakini tangu ushuru wa huko ulipopanda, oda zao zimekauka. Bosi alituambia kwenye mkutano kwamba sasa anayetulisha ni mteja mmoja wa Ujerumani. Huyo akituacha, tumekwisha.

Tangu Uingereza ijitoe katika Umoja wa Ulaya, bawaba zetu huingia kule bila ushuru ikiwa tu zimetengenezwa hapa kweli. Kwa hiyo kila ankara ina sentensi inayotangaza kuwa mzigo ni wa Uingereza, na chini yake jina la anayetangaza.

Jina hilo ni langu.

Leo mteja ameandika kwamba forodha ya kwao inataka ushahidi. Nikashuka stoo kutafuta karatasi za ununuzi wa chuma, nikidhani ni kazi ya dakika kumi. Nikakuta makasha kutoka China, na ndani yake bawaba zilizokamilika. Sisi tunazisafisha tu, tunazipaka rangi, tunazitia kwenye maboksi yenye jina letu.

Sina wa kumlaumu. Nilipoanza, msimamizi wangu, Mama Hansa, alinifundisha kazi hivi: fungua ankara ya mwezi uliopita, badilisha tarehe na idadi, futa jina langu uweke lako. Enzi zake bawaba zilikuwa zinatengenezwa hapa hapa. Mashine za kukatia chuma zikauzwa, sentensi ikabaki. Nami nimeinakili zaidi ya mwaka mzima bila kuuliza hata siku moja. Mtu mzima na akili zangu.

Mama Hansa ni Mhindi wa Kisumu, na tukiwa wawili tunaongea Kiswahili. Nilimweleza nilichokikuta stoo. Akafunga mlango.

"Andika barua fupi, sema zinatengenezwa hapa, tia sahihi. Watanyamaza. Ama unataka sisi wote tufutwe, mama?"

Nilimwambia huo ni uongo. Akanitazama kwa huruma kabisa, na hiyo huruma ndiyo iliyonimaliza. "Njeri, jina lako liko kwenye zile ankara zote za nyuma."

Kibali changu cha kukaa nchi hii kimefungwa kwenye kazi hii. Nikiachishwa, nina wiki chache tu za kupata mwajiri mwingine wa kunidhamini, la sivyo mimi na binti yangu Wanja tunafunga virago. Ana miaka tisa, na shule hii ndiyo aliyoizoea. Jioni aliniuliza kwa kile Kiingereza chake cha Birmingham kwa nini sili. Nikamwambia nimeshiba. Sikuwa nimeonja kitu tangu chai ya asubuhi.

Nakiri jambo moja. Barua nimeshaiandika. Niliiandika mchana, na ni nzuri, mtu yeyote angeiamini. Iko kwenye droo yangu kazini, imebaki sahihi.

Nimejaribu kuomba nikashindwa, maana sijui niombe nini. Niombe forodha isahau? Nikisema ukweli, huenda Mjerumani akaondoka na kiwanda kikafungwa, na watu wale wenye aproni za mafuta watajua ni nani aliyesema. Nikinyamaza, kwenye kila ankara mpya nitakuwa nadanganya kwa makusudi. Mpaka jana nilikuwa mjinga tu. Natamani jana irudi.

Kesho nitaingia kwa bosi kabla sijavua koti. Nikivua koti nitaketi, na nikiketi, najijua, nitatia sahihi.