Siku Tata Alipoingia Nyumbani Mwangu

Mosocho, Jumapili, mwezi wa nane, 1974

Mvua haijakata tangu asubuhi, na hasira yangu haijakata tangu jana. Kesho tunamzika baba mkwe wangu, ambaye mimi pia nilimwita Tata kama wanawe. Mimi ndiye nimepewa kuandika wasifu wake, kwa kuwa ni mwalimu na mwandiko wangu unasomeka.

Mchana Ombati, mdogo wake Tata, alikuja kunifundisha cha kuandika. Alikula ndizi zangu, akanywa chai vikombe vitatu, ndipo akaanza. Niandike vita vya Burma. Niandike medali. Niandike koti alilopewa na Mwingereza.

"Lakini mambo ya nyumba yako usiyaguse," akasema. "Yatatuaibisha."

Yatatuaibisha! Mtu mzima hana haya hata kidogo.

Mambo yenyewe ni haya. Miaka minne iliyopita uchungu wa kuzaa ulinishika mchana, mume wangu yuko Kericho kazini, majirani wote wako sokoni. Kwetu kuna chinsoni, ile heshima inayomkataza baba mkwe kukanyaga nyumba ya mke wa mwanawe, sembuse chumba cha kulala. Tata aliingia mpaka kitandani. Alinikuta kwenye damu, akanifunga shuka, akanibeba mgongoni kwenye tope hadi barabarani, na umri ule wake. Lori la ndizi likatufikisha hospitali. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu, mimi na binti yangu tungekuwa marehemu.

Ombati ndiye aliyempeleka Tata kwa wazee. Aliwaambia vita vimemharibu ndugu yake kichwa. Tata alijibu mara moja tu.

"Burma nilibeba watu nisiowajua hata majina. Huyu ni mtoto wangu."

Walimtoza mbuzi wa kumtakasa, akamtoa, na bado wakamtenga. Bintiye wa mwisho alipokuja kuposwa, Ombati ndiye aliyeketi na wageni kupanga mahari. Baba mzazi aliambiwa akae nje karibu na zizi. Alikaa huko akipukuchua mahindi mpaka wageni wakaondoka. Nikikumbuka mgongo wake siku ile natamani kumrushia Ombati sufuria.

Na ni mtu gani waliyemfanyia hivyo? Mtu ambaye mkewe alipolazwa miezi mitatu, mwaka wa sitini na tatu, aliwaogesha watoto mwenyewe, akawapikia, wanaume wenzake wakimcheka wazi. Kila Ijumaa kabla jua halijazama alipanga viatu vya watoto wote mstari mmoja, kijeshi, akavipiga rangi kwa ajili ya Sabato. Medali sikuwahi kumwona akiivaa.

Sasa niseme langu, maana Ombati si mwovu peke yake.

Wazee waliwatuma akina mama wawili kuniuliza: je, mzee aliitwa, au alijiingilia tu? Nilikuwa bibi arusi mgeni, mtoto bado hana wiki mbili. Kama aliitwa, kosa lilikuwa langu, na ningerudishwa kwetu Nyamarambe. Niliinamisha kichwa.

Nilinyamaza.

Wakaondoka na jibu walilolitaka. Tata alijua ukweli, wala hakuutoa, si kwa wazee, si kwa mwanawe. Miaka minne alisimama nje ya ua wangu akimwita mjukuu wake aje wacheze, na mimi nikajificha jikoni kwa aibu. Nilikuwa mwoga, basi. Hakuna jina lingine.

Mume wangu amefika jioni hii. Yeye ndiye kifungua mimba, kwa hiyo ndiye atakayesoma kesho. Amesoma karatasi yangu mara mbili, kisha akanisihi nifute mistari ya mwisho, walau mpaka waombolezaji watawanyike. Nimemwambia akiiruka nitasimama niisome mwenyewe mbele ya kaburi, Ombati akinitazama usoni. Ameniuliza kama najua wazee wanaweza kunirudisha kwetu.

Najua.

Nimeinakili upya kwa wino. Mistari yenyewe ni mifupi, hata mtu mwenye kilio ataimaliza: Tata hakuvunja heshima ya nyumba yangu. Nilimwita mimi.