Blanketi Halikuwa na Upupu

Hospitalini, Dar es Salaam

Mdogo wangu Maganga,

Marahaba. Shikamoo yako imenifikia ndani ya barua nami nimeifurahia, maana wodini hapa naitwa Ndugu Mwalimu tu. Natumaini mama bado anakwenda kisimani bila kushikwa mkono, na tumbaku ya shamba la kijiji imekauka vizuri.

Mimi nina nguvu za kuandika. Macho bado ya manjano na mwili unawasha, ingawa nalalia mashuka ya hospitali yaliyochemshwa. Neno hilo la mashuka nitalirudia.

Daktari wangu ni mama mwenye subira. Aliuliza hata habari za kule kuharisha damu tangu ujana wangu, tulikodhani ni amiba, akasema maradhi hayo na ya ini mara nyingi huandamana. Aliuliza pia pombe. Nikamwambia situmii, akacheka, akasema walimu wote husema hivyo. Wakapima damu, wakatafuta mawe na minyoo, wasione. Ndipo wakapitisha sindano ndefu kati ya mbavu mpaka kwenye ini, wakatia dawa inayoonekana kwenye eksirei.

Maganga, nimeuona undani wa mwili wangu. Ini hutengeneza nyongo, nayo hushuka utumboni kwa mirija myembamba. Pichani mirija ni myeupe, kama mti uliopukutika majani. Yangu inabana, inatanuka, inabana tena, mithili ya shanga kwenye uzi. Nikaikumbuka njia ya misafara niliyowafundisha watoto: hapa miiba, wapagazi wapite mmoja mmoja, pale uwanja wa kambi. Mirija imevimba kwa miaka, ikafanya makovu. Nyongo ikikosa pa kupita huingia kwenye damu, ndipo macho hugeuka rangi na ngozi huwasha bila upele. Nimetembea na jambo kubwa namna hii nisijue. Niliitazama picha ile mpaka wakanikumbusha kuvaa shati.

Nikamwuliza daktari kama upupu unaweza kuleta hayo.

"Mwalimu, upupu huishia kwenye ngozi. Huku haufiki."

"Basi ni mkono wa nani?"

"Si wa mtu. Chanzo chake hasa bado hatukijui."

Nilimheshimu zaidi kwa neno hilo la mwisho. Dawa ya kufuta makovu hakuna. Nimepewa unga wa kukoroga, upunguze mwasho.

Sasa turudi kwenye mashuka. Shemeji Nyamizi, mkeo, alinifulia blanketi, ukasema amelitia upupu, ukamrudisha kwa baba yake Itetemia. Mimi viganja vilianza kuniwasha kabla blanketi halijafuliwa. Nilijua, nikanyamaza. Nilikuwa nimechoka kuumwa bila sababu, nikaona afadhali apatikane wa kulaumiwa. Kosa hilo ni langu.

Panda treni uende mwenyewe ukamchukue, usitume mtu. Nyuma ya karatasi nimeichora mirija, lakini mkweo asome kwanza upande huu.

Nisalimie mama, mke wangu, na jirani yetu fundi cherehani.

Blanketi uliloagiza lichomwe nililificha sandukuni, nikaja nalo. Mwambie Nyamizi ndilo nililojifunika ninapoandika haya.

Kaka yako,
Mwalimu Kasanda