Mwaka Aliousoma Kando ya Kitanda Chako

Baba Akello,

Naandika haraka, usinicheke mwandiko. Binti yako ameruka mwaka wa kwanza chuoni. Hajakalia hata benchi, wamemwingiza moja kwa moja wa pili. Bugembe yote inajua, nimehakikisha. Hata mwenye duka la simiti nilimwambia, na yeye alikuwa anapakia mifuko tu.

Sasa sikia. Chuo cha kutunza wagonjwa huko Mbale kinahesabu pia ujuzi mtu alioupata nyumbani, mradi aueleze na alete shahidi. Akello akasema ataeleza ile miaka aliyokuuguza ulipopooza, mpaka tukakuzika. Shahidi nikawa mimi. Nikavaa gomesi ya zambarau, ile uliyosema inanifanya mke wa jenerali.

Mbele ya walimu nilisema mengi, unanijua. Kwamba alikulisha, alikugeuza, mgongo wako haukupata kidonda. Mwalimu mmoja, mama mtu mzima, akauliza: na kuoga je? Nikajibu haraka kwamba hiyo ilikuwa kazi ya mdogo wako Odongo, maana kwenu binti haoshi baba yake.

Akello akainama. "Mama, baba mdogo alikuja wiki ile ya kwanza tu."

Nikamgeukia, Baba Akello. Mimi niko sokoni Jinja nauza nyanya, kumbe nyumbani ni nyinyi wawili?

Akaeleza polepole, bila kunitazama. Kwamba ulimkatalia, ukalia, ukalala umelowa mchana kutwa. Ndipo akasimama mlangoni akakupigia saluti, kama walivyokupigia jeshini. "Afande, kuruta ameripoti." Nawe, kwa mdomo wako uliopinda, ukasema, "Endelea." Tangu hapo, kila akikuosha, hakuwa mtoto wako wala wewe hukuwa baba yake. Mkono chini ya shuka, macho ukutani, mpaka amalize.

 Yule mwalimu akasema kumstahi mgonjwa ndilo somo lao kubwa la mwaka wa kwanza, na huyu keshalisoma.

Basi la kurudi likafika Busiu. Hapo akaniuliza kama nimekasirika. Nikamvuta kichwa, nikakilaza kwenye gomesi. Nimekasirika wapi.

Watu wanauliza aliruka mwaka kwa nini. Nawaambia ana akili, amenirithi mimi. Lakini la shuka sitalisema. Si kwa Odongo, si kwa dada zako, si kanisani. Lala, mume wangu. Mimi huyu, na mdomo wangu unaoujua, nitanyamaza.

Mama Akello