Yule Niliyemuua kwa Mdomo

Jumapili, 7 Machi 1971
Baada ya kanisa, kitabu cha picha tena. Watu kama ishirini mlangoni pangu. Hapa kambini Kiingereza najua mimi tu, kwa hiyo mimi ndiye mdomo wa Ngumi, shujaa wa kitabu. Leo Ngumi kavunja mikono ya majambazi watatu. Kiprotich, mchuma chai wa nyumba ya pili, alicheka mpaka akakohoa.

Jumatano, 10 Machi
Mvua ya mawe. Nyapara kamwaga kikapu cha Kiprotich mbele ya akina mama, ati majani yamekomaa. Mara ya tatu sasa. Majani yalikuwa mazuri, niliyaona mwenyewe kwenye mizani. Nikanyamaza. Karani mzima!

Jumapili, 14 Machi
Nimedanganya. Kitabuni, Ngumi kamlaza chini mkubwa wa majambazi, panga shingoni, kisha analitupa. Anasema amechoka na damu, hata ya mtu mbaya. Maneno mazuri. Niliona haya kuyasoma. Watu walikuwa wakipiga kelele, "Maliza yeye!" Nikafunga kitabu, nikasema amemmaliza. Wakashangilia.
Kiprotich hakushangilia. Aliniuliza, "Na Ngumi alifungwa?"
Nikasema hapana, watu walimshukuru. Sijui kwa nini niliongeza hilo.

Jumanne, 16 Machi
Nyapara amekufa. Ni Kiprotich, kwa panga la kupogolea chai, kule chini karibu na mto. Alimkata begani, nyapara akaanguka. Walioona wanasema aliinua panga mara ya pili, akasimama hivyo kwa muda. Walidhani atalitupa. Hakulitupa.
Polisi walimkuta ameketi palepale. Nadhani alikuwa akingoja kushukuriwa.

Jumapili, 21 Machi
Watu walikuja. Nikasema kichwa kinauma. Hilo si uongo.
Nilitaka kumweleza mhubiri. Nikafika mlangoni pake, nikarudi. Ningesema nini? Kwamba nilimuua mtu wa karatasi?

Jumapili, 4 Aprili
Dereva wa lori kaleta toleo jipya kutoka Kericho. Nililiacha mezani bila kulifungua. Mchana akaja Chebet, mke wa Kiprotich, nimwandikie barua ya kupeleka rumande. Nilipokuwa natafuta kalamu, alifunua kurasa. Akaweka kidole kwenye picha. Mkubwa wa majambazi, bendeji shingoni, anakunywa chai.
"Karani, huyu si ndio yule ulisema amekufa?"
Nikasema ndiye.
Alifunga kitabu, tukaandika barua. Mtoto ameota meno mawili. Mvua ni nyingi. Mama yake Kiprotich anamsalimu. Nilipomaliza nikamsomea yote, neno kwa neno, polepole.
Alisema asante. Kisha akaichukua barua, akapanda nayo hadi kwa mwalimu wa shule, amsomee tena.