Faili Linazidi Kuwa Jepesi

Jumatatu, 9 Juni 2025
Mchoro wa mashine ya kukoboa mpunga umeganda tena. Nikiuzungusha kidogo tu — kompyuta kimya, feni inalia. Bosi Kasimiri kachoka. Kikundi cha Mama Agatha kule Mamba kinataka mashine yao msimu huu huu. Leo kamleta mtu mpya, Aristide. Eti fundi wa kupunguza uzito wa mafaili. Haya!

Jumatano, 11 Juni
Kweli anajua. Boliti zote nilizichora hadi meno. Kayafuta, kaacha vijiti vitupu. Mota niliyoishusha mtandaoni ilikuja na utumbo wake wote, mpaka nyaya za shaba. Kaigeuza boksi. Anasema mchomeleaji haangalii ndani ya mota, ya nini kuibeba? Sasa faili linafunguka kabla sijakaa vizuri.
Lakini mbona anachomeka flashi yake? Na mbona anafunga skrini nikipita?

Ijumaa, 13 Juni
Faili limepungua tena! Si alisema kamaliza? Nimezungusha mchoro kila upande. Kava la mkanda halipo — lile bati linalozuia mkono usifike kwenye mkanda unaozunguka. Nimetafuta kwenye vipande vilivyofichwa. Hakuna. Limefutwa.
Nimemuuliza Aristide. Kashtuka, au kajifanya. Kasema yeye anatoa vya ndani tu. Kava liko nje, alitoe la nini? Simwamini hata kidogo.
Nikaenda kwa bosi. Hakuinua hata uso.
"Lidia, faili jepesi, kazi inakwenda. Unataka nini tena?"
Nimelichora kava upya mwenyewe.

Jumatatu, 16 Juni
Mashine haipo uani! Imemaliziwa Jumamosi, ikapakiwa kwenye Fuso jana, watu tukiwa misani. Wachomeleaji wanasema mchoro waliopewa haukuwa na kava. Aristide hajaja kazini. Simu haipatikani. Kakimbia huyo, na michoro yangu kwenye flashi. Nilijua!

Jumanne, 17 Juni
Nimempigia Mama Agatha kumwambia asiiwashe. Nimechelewa. Waliiwasha jana, mkanda ukanyakua kitenge cha binti yake, Verdiana. Kitenge vipande vipande. Binti mzima — Mungu mkubwa! Aliyewahi kuizima ni "yule fundi wenu wa kompyuta". Yuko huko tangu jana, anakata bati.
Nikaomba niongee naye.
"Dada Lidia, bosi yuko karibu? Kama yuko, usinitaje jina."
Kasema Alhamisi aliona kava limefutwa. Akamuuliza bosi. Bosi akamjibu kalifuta mwenyewe, kava linakula bati bure, na kama anaitaka kazi afunge mdomo. Nikamuuliza, na flashi je?
"Humo kuna mchoro wako wa kwanza, dada, wenye kava. Niliogopa usije ukafutwa nao. Vipimo vya hili bati nimevitoa humo."
Wiki nzima nimemwita mwizi moyoni.
Kugeuka — bosi mlangoni. Sijui kasimama tangu lini. Kauliza naongea na nani. Nikasema na mama yangu.
"Nipe nimsalimie."
Nikakata.
Sasa kavuta kiti, kakaa mbele yangu. Najifanya naandika vipimo. Simu iko mezani, kati yetu.
Inaita. Jina la Agatha limejaa kwenye kioo, na bosi kanyoosha mkono —